Ghorofa Bila Baraza

Mwaka 2021 nyumba kuukuu za mtaa wa Buxton, kisiwani Mombasa, zilizosalia tangu enzi ya ukoloni, zilianza kubomolewa ili kupisha majengo ya ghorofa ya mradi wa makazi ya bei nafuu. Kodi, fidia na umiliki ni mambo ya haki, nayo hayana budi kujadiliwa. Lakini lipo swali jingine ambalo sisi walimu wa lugha tunapaswa kulileta mezani: nyumba ya mjini ina wajibu gani kwa mpita njia?

Jawabu moja limo mwendo mfupi kutoka Buxton, katika Mji wa Kale. Kwenye Ndia Kuu, jina lililohifadhi matamshi ya Kimvita, nyumba zimesimama kwa safu, bega kwa bega. Kuta za nyumba za kale ni za matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ilipostawi, wenye mali walijenga roshani za mbao juu ya maduka yao. Neno roshani asili yake ni Kiajemi, nalo latokana na mwangaza.

Katika karne hiyo ya 19, Waingereza nao walijenga nyumba za safu katika miji yao ya pwani. Mji mmojawapo ni Brighton, uliofikiwa na reli ya kutoka London mwaka 1841. Madirisha yaliyotokeza nje, mithili ya roshani zetu, yalimwezesha aliye ndani kuitazama bahari. Tofauti ilikuwa chini, mlangoni. Huko, nyumba nyingi zilitengwa na njia kwa uzio wa chuma. Huku, waliweka baraza.

Baraza ni kiti cha mawe kilichoshikana na ukuta. Ni mali ya mwenye nyumba, lakini hukaliwa na jirani na mgeni pia, bila ya kuvunja sitara ya walio ndani. Hapo habari hupimwa na magomvi husuluhishwa. Ndiyo sababu neno hili limepanda kutoka jiwe hadi dola: tuna Baraza la Mawaziri, na Tanzania ina Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967. Ni kweli kwamba baraza za mitaani zilikuwa hasa za wanaume. Lakini kurithi jambo jema si lazima kurithi na kasoro zake.

Hapana anayedai kwamba watu wakae katika nyumba zinazovuja ili wataalamu wapate cha kusifu. Ghorofa zinahitajika. Hata hivyo, tunapotaja hifadhi, wengi wetu hufikiria milango ya nakshi na roshani, vitu vya kupigwa picha. Baraza haipendezi sana pichani, lakini ndiyo iliyowafanya wapangaji kuwa majirani. Basi kila mchoro wa makazi mapya uulizwe: watu watakaa wapi pamoja, bila ya kununua kitu na bila ya kufukuzwa na mlinzi?

Walimu nao wawapeleke wanafunzi Mji wa Kale, wakaitaje kila sehemu ya nyumba kwa jina lake. Mtoto asiyewahi kuketi barazani ataliandika neno hilo bila kosa katika mtihani, wala asijue kwa nini serikali yake imeitwa kwa jina la kiti cha mlangoni.