Mama Mkwe Kawekwa Rehani

"Fundi, naomba unibadilishie mama mkwe."

Aliyesema hivyo ni mama wa makamo, ndoo yake ya samaki kaisukuma chini ya meza ili wapita njia wasiipige teke. Ilikuwa saa nne asubuhi, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na mimi nilikuwa nasubiri kubandikiwa kioo cha simu. Fundi hakucheka. Alifungua orodha ya majina, akateremka hadi herufi M, akauliza: "Tumwite nani?" Mama akatazama juu kidogo. "Muandike Kokoto Bunju."

Likafuata jina la bosi wa mumewe, akawa Gesi Mtungi Mdogo. Mchungaji akageuka Fundi Bomba. Mwenyekiti wa kikoba akapewa jina la mji ambao mama yule, kwa maneno yake, hana anayemjua huko: Mpanda. Kazi ikaisha, akalipa buku mbili, akabeba ndoo yake kuelekea kwenye daladala.

Kioo changu kilikuwa tayari kitambo. Nikaomba kiti.

"Hao ndio wateja wangu wa siku hizi," fundi akaniambia. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa meza yake iko kwenye baraza la mtu, na baraza la Kariakoo halina mkataba. "Zamani mtu analeta simu imeingia maji. Sasa hivi simu nzima, kioo kizima, chaji inakaa, mbovu ni mwenyewe. Anatetemeka. Anataka nimtolee programu ya mkopo."

Jinsi mikopo hii ya simuni inavyofanya kazi msomaji anajua, au ana ndugu anayejua. Fundi aliifupisha huku akihesabu kwa ncha ya bisibisi. "Unaomba laki. Inaingia sabini, thelathini wameshakata wanaita gharama. Ndani ya siku saba wanataka laki na kitu. Siku ya nane asubuhi hawakupigii wewe. Wanampigia mama mkwe."

Nikamuuliza wamemjuaje mama mkwe. Alinitazama kwa huruma kidogo.

"Si umemuandika mwenyewe?"

Hapo ndipo jambo hili liliponikwama. Nilikuwa najua, kama wengi, kwamba programu hizi hunyonya namba zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Sikuwahi kufikiri kuhusu majina tunayozipa namba hizo. Chukua simu yako uangalie. Mama Mkwe. Bosi Mpya. Shehe Msikitini. Mwenye Nyumba. Kijumbe wa Mchezo. Mwalimu wa Junior. Namba kumi tupu hazimwambii mgeni kitu, lakini jina ulilolibandika juu yake linamwonyesha pa kukupiga: nani unamheshimu, nani unamwogopa, nani hapaswi kabisa kujua kwamba wiki iliyopita ulikopa elfu hamsini za kununulia samaki mnadani. Tumeyaandika wenyewe, kwa kidole, bila kulazimishwa, ili tusichanganye watu.

Fundi anasema hakuamini mpaka alipojaribu. Alichukua simu moja kuukuu, akaweka majina machache, na laini yake ya pili akaihifadhi humo kwa jina la Baba Mkwe. Akapakua programu, akakopa kidogo, akaacha siku zipite. Kama anavyosimulia, laini ile ya pili ilipokea meseji inayoanza kwa heshima zote: Shikamoo Baba Mkwe. Ikaendelea kumweleza kuwa mkwe wake ni mdaiwa sugu, kwamba yeye ndiye aliyeandikwa kuwa mdhamini, na kwamba aibu hii inaweza kumalizwa leo kabla ya saa kumi. "Ilinisalimia mimi mwenyewe shikamoo," anasema fundi. "Nikajua hawa hawakuchukua namba. Wamechukua ukoo."

Tangu hapo akaanzisha huduma ya kubadili majina. Ana kanuni zake. Mtu mzito umpe jina la kitu cha dukani. Usitumie neno la heshima wala la undugu. Majina ya biashara yaache kama yalivyo, maana mkopeshaji akimpigia muuza mkaa hakuna atakayefadhaika. Na kazi hii ifanyike kabla ya kukopa. Anayekuja baada ya kukopa, fundi humwambia ukweli: kuitoa programu saa hizo ni kufunga mlango wakati mwizi ameshavuka Jangwani. Orodha ilikwishaondoka dakika ileile kidole kilipogusa kitufe cha kuruhusu.

Watu wa mjini tumezoea kulalamikia kausha damu, wale wakopeshaji wanaoingia ndani na kutoka na godoro, televisheni, hata sufuria zenye moto. Wapo pia wanaoshika kadi ya benki ya mwalimu na namba yake ya siri hadi mshahara uishe. Ni ukatili, lakini kinachochukuliwa walau ni cha mkopaji. Katika mkopo wa simuni, rehani ni uso wa mtu mwingine. Mama mkwe hakukopa, hakusaini, hakuulizwa, huenda hata simu ya kisasa hana. Kawekwa rehani akiwa amelala kwake.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini hapa 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inaweka taarifa za miamala ya fedha ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na za afya na za watoto. Kwa hiyo, kwa uelewa wangu, anayemsimulia mama mkwe deni la mkwewe anagawa taarifa nyeti. Kampuni inayofichua au kuuza taarifa kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Upana huo nautaja tu, sina la kuongeza. Wanaokusanya taarifa wanatakiwa wajisajili kwa Tume, na tarehe ya mwisho imesogezwa mbele zaidi ya mara moja.

Benki Kuu nayo, ambayo minara yake miwili ya Mtaa wa Mirambo haiko mbali na meza ya fundi, ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024. Novemba mwaka huohuo ikachapisha majina ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Fundi aliyapata kwenye WhatsApp, akawa anawaonyesha wateja. Swali lake ni moja, na nimelibeba kwa watu kadhaa bila kurudi na jibu: programu 69 zikifungwa, zile simu zote zilizokwishasomwa zinakuwa mali ya nani? Yeye anaamini orodha huuzwa, kwamba kampuni moja ikifa inairithisha nyingine kwa bei. Ushahidi wake ni wateja wanaotumiwa matangazo ya mikopo kwa majina yao kamili na kampuni wasizowahi kuzigusa. Ushahidi huo hautoshi mahakamani. Kariakoo unatosha.

Duka la programu la Google lilikataza, kuanzia 31 Mei 2023, programu za mikopo kusoma majina na picha zilizomo kwenye simu ya mteja. "Kwani siku hizi wanapita dukani?" fundi anauliza. "Wanakutumia kiungo, unapakua pembeni. Simu inakuonya kabisa kwamba kitu hiki si salama. Lakini wewe mtoto karudishwa ada. Utasoma onyo?" Majirani zetu wa Kenya walau wamefika kwenye kutoza: Septemba 2023 ofisi ya kamishna wao wa ulinzi wa data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma meseji za vitisho.

Neno linalonisumbua katika haya yote ni ridhaa. Yule mama wa samaki akibonyeza kuruhusu, mwanasheria wa kampuni atasimama juu ya kidole hicho. Lakini atakuwa ameruhusu kwa niaba ya watu wangapi? Na kukimbia sasa ni vigumu: zamani aliyechoshwa na simu za wadai alitupa laini akanunua nyingine barabarani. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao wasioufanya walianza kuzimiwa laini Januari 2020, namba ya simu imeshikamana na kitambulisho cha NIDA na mtu mwenyewe.

Fundi naye nilimgeuzia swali. Kwenye meza yake kulikuwa na simu saba zinazosubiri, na mgongoni mwa kila moja kipande cha utepe wa karatasi: jina la mwenyewe, namba ya kumpata, na ule mchoro wa kufungulia simu, umechorwa kwa kalamu na mshale wa kuonyesha pa kuanzia. Mtu yeyote aliyeegemea meza angeweza kuusoma. Picha za harusi, meseji za benki, majibu ya hospitali, vyote nyuma ya mchoro ule. Alizitazama zile simu, akazigeuza moja moja zilalie mgongo. "Mimi siangalii," akasema. Kisha: "Lakini kweli, utajuaje?"

Nilitaka kujua kama amewahi kuja mama mkwe mwenyewe, au baba mkwe, yeyote kati ya wale wasiokopa. Alikuja mmoja, mzee wa Magomeni. Alitumiwa meseji kuhusu deni la binti wa marehemu kaka yake, akaona haya, akalipa laki na arobaini kimyakimya bila kumuuliza binti. Wiki iliyofuata akaanza kuletewa meseji kwa jina lake, zikimpongeza kwa uaminifu na kumkaribisha akope. Alimuuliza fundi ashitaki kama nani: mdaiwa, mdhamini au mpita njia. Fundi hakuwa na jibu. Alimuuliza tu kama ana risiti ya kile alicholipa, mzee akasema ana meseji ya muamala basi.

"Nikamwambia, mzee wangu, hiyo usiifute."