Van Gogh Kabla ya Kushika Brashi

Mwaka jana nilipochagua somo la Sanaa, mjomba wangu aliniuliza, "Kwani picha zitakulisha?" Nilikosa la kusema. Nikaenda maktabani kumtafuta mchoraji mmoja mashuhuri nijue alianzaje. Nikampata Vincent van Gogh wa Uholanzi. Kumbe alipokuwa na umri wangu hakuwa mchoraji hata kidogo!

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 katika kijiji cha Zundert. Babake alikuwa mchungaji. Mwaka mmoja kamili kabla yake, tarehe iyo hiyo, mamake alijifungua mtoto mfu aliyepewa jina Vincent pia, na kaburi lake lilikuwa karibu na kanisa la baba. Hebu fikiri, unakua ukiona jina lako kaburini! Wapo wasemao kuwa huzuni yake ilianzia hapo, lakini mimi naona huko ni kukisia tu.

Alipofika miaka 16, mwaka wa 1869, ami yake aliyekuwa mfanyabiashara wa picha alimtafutia kazi katika kampuni ya Goupil mjini The Hague. Baadaye akapelekwa London, kisha Paris. Picha za mabingwa zikawa zinapita machoni pake kila siku. Lakini biashara ilimshinda, na mwaka wa 1876 akafutwa. Akafundisha shule Uingereza, akauza vitabu Dordrecht, akaenda Amsterdam kujiandaa kusomea theolojia, akaacha. Mzazi gani hangechoka, jamani?

Sasa sikilizeni. Mwishoni mwa 1878 alikwenda Borinage, Ubelgiji, kuwahubiria wachimba makaa ya mawe. Hakukaa mbali nao kama mgeni. Aligawa nguo zake, akalala kibandani juu ya majani makavu, akashuka shimoni kina cha mita 700 hivi kuona watoto na wazee wakifanya kazi gizani. Wakubwa wa kanisa hawakupendezwa, na 1879 kazi hiyo nayo ikaisha. Hapo, bila mshahara, ndipo alipoanza kuwachora wachimbaji hao. Mwaka wa 1880, akiwa na miaka 27, akaamua kuwa mchoraji, huku nduguye Theo akimtia moyo.

Alijifunza kwa kunakili. Picha za Millet, Mfaransa aliyewachora wakulima, alizirudia na kuzirudia. Halafu Anton Mauve, aliyemwoa binamu yake, akamfundisha kutumia rangi.

Mwaka wa 1885 akachora "Wala Viazi": watu watano chini ya taa moja, mikono yao migumu. Alitaka ionekane kwamba mikono hiyo inayochota chakula ndiyo iliyochimba udongo. Hata rangi yake ni kama ya kiazi chenye vumbi, hakijamenywa. Nilipoitazama niliwaona wale watu wa Borinage.

Alifariki 1890 akiwa na miaka 37, akiwa amechora zaidi ya picha 800 za rangi ya mafuta katika miaka kumi tu.

Likizoni nikamsimulia mjomba haya yote. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na miaka hiyo kumi alilishwa na nani?" Nikamwambia ni Theo, mdogo wake, aliyekuwa akifanya kazi Goupil na kumtumia pesa. Mjomba akacheka sana, akamgeukia dada yangu mdogo: "Wewe nawe, umesikia?"