Distro za Linux kwa mtandao wa nyumbani na ofisi ndogo

Distro za Linux kwa mtandao wa nyumbani na ofisi ndogo ni mifumo endeshi ya kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi moja: kuunganisha kompyuta na simu chache na intaneti, kugawa mawasiliano hayo kati yao na kuyalinda. Distro ni mkusanyo wa kiini cha Linux pamoja na programu zinazokizunguka. Distro ya kawaida kama Ubuntu au Debian huja na programu za kuandikia, picha na muziki. Hizi za mtandao hazihitaji hata skrini. Huwekwa ndani ya ruta, au ndani ya kompyuta ya zamani yenye kadi mbili za mtandao, kisha husimamiwa kwa kivinjari kutoka kompyuta nyingine.

Zinazojulikana zaidi ni OpenWrt, DD-WRT na IPFire. Mara nyingi pfSense na OPNsense hutajwa pamoja nazo, lakini hizo si Linux. Zimejengwa juu ya FreeBSD.

Historia

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Linux Router Project iliweza kutosha katika disketi moja ya MB 1.44. Mwaka 2000 Smoothwall ilianza Uingereza, na mwaka uliofuata IPCop ikajitenga nayo. IPFire nayo ilitokana na IPCop kabla ya kuandikwa upya.

Badiliko kubwa lilitokana na ruta ndogo ya dukani, Linksys WRT54G. Mwaka 2003 wapenzi wa Linux waligundua kwamba programu iliyomo ndani yake ilitokana na Linux. Leseni ya GPL inamtaka anayeuza kifaa cha namna hiyo kutoa pia msimbo wa programu, na kampuni ikautoa. Kutokana na msimbo huo OpenWrt ilianza mwaka 2004. Mwaka 2016 baadhi ya watengenezaji wake walijitenga kwa jina la LEDE, wakarudi mwaka 2018 chini ya jina la zamani. Leo OpenWrt hufanya kazi katika mamia ya aina za ruta zilizotengenezwa na makampuni mbalimbali.

Kugawana kifurushi

Faida ya distro hizi huonekana wazi zaidi pale intaneti inapokuwa haba na ya kununuliwa kwa kipimo. Ndivyo ilivyo katika sehemu kubwa ya pwani ya kusini ya Tanzania. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Mtwara mjini, lakini ofisi ndogo nyingi, na vijiji vya pwani kuelekea maingilio ya mto Ruvuma, hutegemea laini ya simu na kifurushi cha GB kadhaa.

Tuchukue ofisi yenye kompyuta tano na kifurushi cha GB 10. Kila kompyuta ikijipakulia masasisho ya Windows ya GB 2, kifurushi kimekwisha kabla ya barua moja kutumwa, na wenye ofisi watailaumu kampuni ya simu. Ruta ya kawaida iliyotoka dukani haionyeshi jambo hili kwa urahisi. Katika OpenWrt, programu ya nyongeza iitwayo nlbwmon huorodhesha kila kifaa na kiasi kilichotumia. Baada ya hapo sheria ya ukuta wa kinga inaweza kuizuia kompyuta fulani wakati wa kazi na kuiruhusu usiku. IPFire ina njia nyingine: huhifadhi nakala ya sasisho lililopakuliwa na kompyuta ya kwanza, na nyingine nne zikalichukua hapohapo ofisini.

Zamani seva za namna hii zilisifiwa kwa kuhifadhi hata kurasa za tovuti, ili ukurasa uliokwisha kusomwa na mmoja usipakuliwe tena kwa mwingine. Faida hiyo imepungua sana, kwa kuwa tovuti nyingi sasa husimba mawasiliano yake na seva ya katikati haiwezi kuyasoma. Vitabu vya zamani vinavyoipendekeza visomwe kwa uangalifu.

Foleni

Tatizo jingine si kiasi cha data bali msongamano. Mtu mmoja anapotuma video, mwenzake anayezungumza kwa simu ya mtandao husikia sauti ikikatika, hata kama laini ina kasi ya kutosha. Ni kama kivuko cha Msangamkuu kikipanga watu na magari katika mstari mmoja: mwenye kikapu kimoja cha samaki atasubiri nyuma ya malori matatu. Ruta nyingi hufanya hivyo kwa sababu hurundika data katika foleni moja ndefu.

Njia za fq_codel na CAKE, zilizomo katika OpenWrt, hutenganisha mawasiliano katika foleni nyingi na kuzihudumia kwa zamu. Ili CAKE ifanye kazi vizuri huwekewa kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili foleni ibaki ndani ya ruta inayoweza kuipanga. Kwa laini ya simu, ambayo kasi yake hupanda na kushuka, kikomo hicho hupimwa saa zenye watumiaji wengi, si alfajiri.

Kompyuta ya zamani au ruta?

Kutumia kompyuta iliyostaafishwa huonekana kuwa bure. Si bure. Kompyuta ya mezani hula wati makumi kadhaa usiku na mchana, na feni yake huvuta ndani vumbi na hewa ya chumvi, ambayo katika sehemu za ufukweni kama Mikindani au Msimbati hutafuna vyuma upesi. Ruta ndogo haina feni, na nyingi hutumia wati chache tu kwa umeme wa volti 12. Inaweza hivyo kuendeshwa na betri ya sola, mradi volti zidhibitiwe. Kwa nyumba na ofisi nyingi ruta ndiyo chaguo bora. Kompyuta inafaa pale panapohitajika IPFire na hifadhi kubwa.

Kabla ya kununua, ni lazima kuangalia katika orodha ya OpenWrt jina la ruta pamoja na namba ya toleo iliyobandikwa chini yake, kwa kuwa ruta mbili zenye jina moja zaweza kuwa tofauti kabisa ndani. WRT54G yenyewe ilipunguziwa kumbukumbu katika toleo la tano. Ruta zenye hifadhi ya MB 4 na kumbukumbu ya MB 32 hazipati tena matoleo mapya. Kazi ya kubadilisha programu, ambayo mafundi huiita kuflashi, isifanywe wakati umeme si wa uhakika: ukikatika katikati, ruta inaweza kufa, na kuifufua huhitaji fundi.

Wakazi wa karibu na mpaka, kama vile Kilambo penye kivuko cha kwenda Msumbiji, wana tahadhari yao ya ziada. Modemu inaweza kunasa mnara wa ng'ambo na kutumia salio kwa bei ya kigeni. OpenWrt ina mpangilio wa kuikataza modemu kujiunga na mtandao usio wa laini yake, na unapaswa kuhakikiwa.

Mkongo unapokatika

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Mwezi huohuo mafuriko ya kimbunga Hidaya yalikuwa yameikata barabara ya kusini huko Somanga. OpenWrt inaweza kutumia laini za makampuni mawili na kuhamia ya pili ya kwanza ikizimika, lakini siku kama ile haisaidii sana ikiwa zote mbili zinategemea mikongo ileile. Kinachobaki hai ni mtandao wa ndani: printa, mafaili ya pamoja, na maktaba ya Kiwix katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ambayo huweza kubeba nakala ya Wikipedia ya Kiswahili.

Usalama na sheria

Ruta isiyopata masasisho ni mlango usio na komeo. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba programu hasidi ya VPNFilter ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vingi vikiwa ruta za nyumbani na ofisi ndogo. Watengenezaji wengi huacha kutoa masasisho miaka michache baada ya mauzo. OpenWrt mara nyingi huendelea kuyatoa kwa ruta hizohizo.

IPFire hugawa mtandao kwa rangi: nyekundu ni intaneti, kijani ni kompyuta za ndani, buluu ni Wi-Fi, na chungwa ni seva zinazofikiwa kutoka nje. Aliye katika buluu haingii kijani bila ruhusa, hivyo mgeni aliyepewa nywila ya Wi-Fi hafikii mafaili ya mhasibu.

Distro hizi huweza pia kuunganisha matawi mawili ya ofisi kwa VPN, kwa mfano WireGuard. Nchini Tanzania, tangazo la Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) la Oktoba 2023 liliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa kwake kufikia tarehe 30 mwezi huo.