Kwa nini waliosoma Japani hawaisahau

Mtu aliyesoma Japani utamjua tu. Atavua viatu mlangoni hata ukimwambia apite navyo, atakupokea kadi yako ya kazi kwa mikono miwili, na timu ya Japani ikicheza Kombe la Dunia atakaa mbele ya televisheni kana kwamba ni Taifa Stars. Wenzetu waliosoma Uingereza au Marekani huzungumzia chuo. Aliyesoma Japani huzungumzia nchi nzima, mpaka treni zake na mvua zake. Huwa naulizwa mapenzi haya yanatoka wapi, hasa na wazazi ambao watoto wao wamepata nafasi ya kwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, nao wana wasiwasi: mbali, lugha ngumu, hakuna ndugu. Ninachowajibu ni kwamba mapenzi haya hayakuota yenyewe. Yana historia ndefu, na kuna wakati yalikosekana kabisa hadi serikali ya Japani ikashtuka.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui: Japani ya leo ilijengwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi waliokwenda kusoma ng'ambo. Mwaka 1863, wakati kutoka nchini bila idhini kulikuwa kosa la adhabu ya kifo, vijana watano kutoka jimbo la Choshu walitoroka kwa meli hadi London, wakasoma University College. Mmoja wao, Ito Hirobumi, ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani mwaka 1885. Mwaka 1871 serikali mpya ikatuma ujumbe mkubwa Marekani na Ulaya chini ya Iwakura Tomomi, na katika msafara huo walikuwamo wasichana watano waliopelekwa kusoma. Mdogo wao, Tsuda Umeko, alikuwa na miaka 6.

Miaka 6. Mtoto wa chekechea anavushwa bahari ya Pasifiki kwenda kulelewa na watu asiowajua, wasiojua lugha yake. Alilelewa Washington na Charles na Adeline Lanman, akakaa kwao miaka 11. Aliporudi nyumbani mwaka 1882 Kijapani kilikuwa kimemtoka mdomoni, ikabidi ajifunze upya lugha ya mama yake mzazi. Lakini uhusiano na yule mama wa Marekani haukukatika. Alimwandikia barua kwa miongo, za furaha na za malalamiko, kama binti aliyeolewa mbali anavyomwandikia mama yake. Barua hizo zilikutwa mwaka 1984 zikiwa zimehifadhiwa juu ya dari katika chuo alichokianzisha mwenyewe Tokyo mwaka 1900, chuo cha wanawake ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Tsuda. Tangu Julai 2024 sura yake iko kwenye noti ya yeni 5,000. Nchi inayoweka kwenye fedha zake picha ya mtoto aliyelelewa ugenini inajua vizuri mwanafunzi mgeni ni nani.

Kujua huko hakukutosha, hata hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Japani ilichukua vijana kutoka nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia ilizokuwa inazikalia, ikawaleta kusoma kwa lengo la wazi la kupata viongozi watiifu kwake. Abdul Razak, kijana wa Kimalaya, alikuwa darasani Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoanguka. Alinusurika. Wamalaya wenzake wawili waliokuwa wakisoma naye mjini humo walikufa, na mmoja wao, Syed Omar, amezikwa Kyoto. Wanafunzi wageni walionusurika walilala nje katika uwanja wa chuo pamoja na Wajapani waliopoteza kila kitu, wakisaidia majeruhi na kugawana chakula kidogo kilichokuwapo. Mtu angetarajia Razak aichukie Japani maisha yake yote. Badala yake alirudi kwao akawa mwalimu wa Kijapani, na Malaysia ilipoanza sera yake ya kuitazama Mashariki mwaka 1982, yeye ndiye aliyesimamia maandalizi ya vijana waliopelekwa kusoma Japani. Alifariki mwaka 2013. Nimesoma habari zake mara nyingi na kila mara nabaki na wazo lile lile: mipango ya serikali iliyomleta haikumfanya aipende Japani. Walioifanya kazi hiyo ni watu aliolala nao chini siku zile.

Baada ya vita, mwaka 1954, serikali ya Japani ilianzisha ufadhili wa masomo kwa wageni ambao wazee wetu waliopitia huko wanauita Monbusho mpaka leo, kwa jina la zamani la wizara ya elimu. Ufadhili huo ulikuwa mnono, lakini maisha hayakuwa hivyo. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Nakasone Yasuhiro alizuru nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, akakutana na watu waliowahi kusoma Japani, na wakamwambia jambo lililomchoma: watoto wao wasingewapeleka huko. Sababu hazikuwa siri. Vyumba vya kupanga vilikuwa vigumu kupatikana kwa mgeni, shahada ya uzamivu katika masomo ya sanaa na jamii ilikuwa haitolewi kirahisi, na mtu angeweza kumaliza miaka yake yote bila kuingia nyumba ya Mjapani hata moja. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wageni kama 10,000 tu. Nakasone alirudi akaweka lengo la kufikia 100,000, na lilifikiwa mwaka 2003. Lengo la 300,000 lililofuata, la mwaka 2008, lilifikiwa 2019. Sasa serikali inazungumzia 400,000 ifikapo 2033.

Kwangu mimi kubwa zaidi ya idadi ni yale yaliyofuata chini kwa chini. Vyuo vilijenga mabweni ya wageni na kufungua ofisi za kimataifa. Miji na vikundi vya wananchi wa kujitolea vikaanza kuwaunganisha wanafunzi na familia za wenyeji. Mwanafunzi wa kubadilishana, ambaye kwa kawaida anakwenda kwa muhula mmoja au miwili na kuendelea kulipa ada chuoni kwao, akawa na mlango wa kubisha hodi.

Huo mlango ndio ulionipata na mimi, Sendai, nilipokuwa huko kwa mwaka wa kubadilishana. Familia iliyonipokea ilikuwa ya watu wazima ambao watoto wao walishahama. Jioni ya kwanza waliniambia nitangulie kuoga. Bafu la Kijapani lina taratibu zake: unakaa kwenye kigoda nje ya beseni, unajisugua na kujisuuza mpaka umetakata, ndipo unapoingia kwenye maji ya moto yanayokufika shingoni. Maji hayo hayo ndiyo watakayoyatumia watu wote wa nyumba baada yako, na mgeni ndiye hupewa nafasi ya kwanza. Nililielewa hilo kesho yake, nilipomwona baba mwenye nyumba, mzee mwenye mvi, akisubiri zamu yake nyuma yangu na kitabu mkononi bila dalili ya kero.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama Sendai, ndivyo ninavyomwita mpaka leo, alinipa jembe bila kuchelewa. Alinikabidhi kazi ya taka. Ukutani jikoni kulikuwa na kalenda ya manispaa: siku fulani taka za kuchoma, siku nyingine plastiki, siku nyingine makopo na chupa. Chupa ya maji haitupwi hivi hivi. Unafungua kifuniko, unabandua karatasi ya jina, unaisuuza, unaiponda, kila kipande na mfuko wake. Asubuhi ya siku ya zamu nilibeba mifuko hadi kituo cha mtaa, na pale nikasalimiana na majirani ambao baada ya muda mfupi walikuwa wananiuliza habari za masomo na za mama yangu wa Tanga. Ukipewa kazi ya nyumba, mtaa unakuhesabu kuwa mtu wa nyumba hiyo.

Shuleni ni vivyo hivyo. Wanafunzi wa Japani, kuanzia shule ya msingi, husafisha wenyewe madarasa, ngazi na mara nyingi hata vyoo. Chuoni, mwanafunzi wa maabara au wa semina anakuwa na wakubwa wake wanaomwelekeza na wadogo zake anaowaelekeza, na mgeni huingizwa katika mpangilio huo huo. Ninaamini hapo ndipo penye siri. Ukarimu wa kukirimiwa tu husahaulika haraka, lakini mahali ulipopewa wajibu ukauweza hapakutoki moyoni.

Kwa upande wetu, uhusiano huu una mizizi mirefu kuliko tunavyodhani. Walimu wa kujitolea wa Kijapani wamekuwa wakija Kenya na Tanzania tangu miaka ya 1960. Chuo cha Jomo Kenyatta pale Juja, Kenya, kilianzishwa mwaka 1981 kwa msaada mkubwa wa Japani, na wahadhiri wake wengi wakapelekwa kusoma huko. Mwanariadha wa Kenya Samuel Wanjiru alihamia Sendai mwaka 2002 akiwa kijana wa miaka 15, akasoma sekondari ya Sendai Ikuei na kukimbia mbio za kupokezana za barabarani ambazo Wajapani wanazipenda kupita kiasi. Mwaka 2008 Beijing akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2:06:32. Mwaka 2013, kwenye mkutano wa TICAD, ule wa Japani kuhusu maendeleo ya Afrika, uliofanyika Yokohama, Waziri Mkuu Abe Shinzo akatangaza mpango wa kuwaleta vijana 1,000 wa Afrika kwa shahada ya uzamili pamoja na mafunzo ya kazi kwenye kampuni za Kijapani.

Na njia haiendi upande mmoja. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo la shahada. Kuna Wajapani wanaokuja Dar es Salaam na Unguja, wanakaa na familia, wanajifunza kukuna nazi, na wakirudi kwao nao wanakuwa kama sisi: hawaachi kuitaja.

Sitaki mtu aende akidhani kila mlango uko wazi. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Japani uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu asilimia 40 ya wageni waliotafuta nyumba walishawahi kukataliwa kwa sababu tu ni wageni. Tatizo lililomkera Nakasone halijaisha. Anayekwenda kwa kubadilishana huwa anakingwa nalo kwa kuwa chuo kinamtafutia bweni au familia, lakini anayebaki baadaye kufanya kazi atakutana nalo. Wapo pia wanaokaa mwaka mzima wakijifungia na wenzao wa kutoka nyumbani, wakirudi hawana hata jirani mmoja wa kumsalimu kwa simu. Hao husema Japani ni nchi baridi. Siwalaumu, ila nasikitika, maana walikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mlango wa mtu.

Kwa hiyo mzazi, mwache aende. Na wewe kijana, anza Kijapani kabla ya kupanda ndege, walau herufi za hiragana na katakana, ambazo zinawezekana kwa wiki chache za bidii. Chuo kikikuuliza kama unataka familia ya wenyeji, jibu ndiyo. Ukipewa kazi ya taka, ifanye vizuri. Anayetaka ufadhili kamili wa serikali apitie ubalozi wa Japani wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali au Kinshasa. Maombi kwa kawaida hufunguliwa kati ya Aprili na Juni, na hayalipiwi. Ukiona mtu anakutoza fedha za fomu, huyo ni tapeli.