Wanasomea kusema kwa Kifaransa, watasikilizwa kwa Kiswahili

Siku ya kutetea kazi ya mwisho wa masomo, ile ambayo wengi wanaiita memwari, mwanafunzi wa mawasiliano husimama mbele ya maprofesa akiwa amevaa nguo yake nzuri kuliko zote. Nyuma yake wamejaa mama, baba mkubwa, majirani wa avenii na watu wa kanisa. Anaeleza kwa Kifaransa, anaulizwa kwa Kifaransa, anajibu kwa Kifaransa. Matokeo yakisomwa, watu wanapiga makofi na kummwagia poda kichwani. Wakifika nje, mama anamvuta pembeni: mtoto wangu, mule ndani ulikuwa unasema nini?

Kati ya maswali yote ya siku ile, hilo ndilo gumu. Mtu aliyesoma kwa miaka namna binadamu anavyosema na namna mwenzake anavyosikia, mara nyingi hukosa maneno ya kumweleza mama yake kwa Kiswahili, lugha aliyokulia ndani yake.

Masomo haya si mageni nchini Congo. Kinshasa kuna taasisi iliyozaliwa mwaka 1973 kwa jina la ISTI, ikaja kuitwa IFASIC, na leo ni chuo kikuu kizima, UNISIC. Chuo Kikuu cha Lubumbashi nacho kinafundisha sayansi za habari na mawasiliano. Mfumo wa LMD, uliopanuliwa tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unachukua nafasi ya ule wa zamani wa gradua miaka mitatu na lisansi miaka miwili. Mfumo umebadilika, lugha ya kufundishia imebaki ileile.

Wengi wanaojiandikisha wana ndoto moja: sauti isikike redioni, sura ionekane kwenye televisheni. Hakuna ubaya. Lakini mawasiliano ya mdomo ni shamba pana kuliko studio. Ndani yake kuna hotuba na mjadala, kuna mahojiano, mkutano wa kata, mganga na mgonjwa wake, avoka mbele ya jaji. Mwanafunzi anajifunza kuuliza nani anasema, kwa nani, mahali gani, saa gani, na msikilizaji amekuja na hofu gani kichwani.

Hata kwingine, kusema kulichelewa kupata kiti chake chuo kikuu. Marekani, tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1914, walimu 17 waliokuwa wakifundisha watu kuhutubia walikutana Chicago, wakajitenga na chama cha walimu wa Kiingereza. Waliona kwamba kumfundisha mtu kusema mbele ya wenzake si kitawi kidogo cha kumfundisha kuandika. Ni kazi nyingine, yenye elimu yake. Miaka minane baadaye, Chuo Kikuu cha Wisconsin kilitoa shahada ya udaktari ya kwanza katika fani hiyo. Chama chao kipo hadi leo, kwa jina la National Communication Association.

Kwetu ugomvi ule bado haujaamuliwa. Kila aliyepita mwaka wa kwanza analijua somo la kujieleza kwa mdomo na kwa maandishi kwa Kifaransa. Mambo mawili yamefungwa katika furushi moja, na pale wanafunzi wanapokuwa mamia katika chumba kimoja, sehemu ya mdomo ndiyo inayoumia: mwalimu hana muda wa kumsimamisha kila mmoja, basi mtihani unafanyika kwenye karatasi. Ni kumpima mwogeleaji nchi kavu.

Neno lililokuja bila maelezo

Gharama ya jambo hili ilionekana wazi Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ebola ilitangazwa huko tarehe 1 mwezi wa nane 2018, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Chanjo ilikuwepo, waganga walikuwepo, pesa zilikuwepo. Kilichokosekana mara nyingi ni mtu anayejua namna ya kusema.

Tuchukue neno lenyewe, "riposte", lililoandikwa kwenye magari na kutajwa redioni kila siku. Kwa Kifaransa ni kujibu pigo la adui. Mkaaji wa Beni au Butembo, aliyekwisha kuona vita miaka mingi, alisikia neno hilo, kisha akaona timu zinafika kwa msafara, mara nyingine na watu wenye silaha. Ni vigumu kumlaumu kwa kutosikia ndani yake neno la uponyaji.

Mwaka 2019, shirika la Translators without Borders lilipima Goma kama watu wanaelewa ujumbe uliokuwa unasambazwa. Maandishi ya Kifaransa hayakueleweka vizuri kwa wengi. Kiswahili sanifu nacho hakikuwafikia wote: watu walitaka kuelezwa kwa Kiswahili chao, kile cha sokoni na nyumbani. Hapo mtaalamu wa mawasiliano anapata mtihani wake. Kutafsiri bango hakutoshi, kwa sababu lugha ya Dar es Salaam na lugha ya Goma ni ndugu, ila hawakulala nyumba moja.

Au tuchukue mazishi. Kwenye ripoti iliandikwa "maziko salama na yenye heshima". Mlangoni pa msiba, maneno hayo yana maana kwamba kijana asiyejulikana anakuja kuwaambia watoto wa marehemu wasimwoshe mama yao. Nani aanze kusema? Aseme amesimama au amekaa? Azungumze na mjane, au kwanza na baba mkubwa? Aseme Kiswahili, au Kinande? Aliyeanza na amri alipata mawe. Aliyeanza na pole, akakaa chini, akaacha wenyewe waulize, mara nyingine alisikilizwa. Vitabu vya mawasiliano vina sura nzima kuhusu mambo hayo, lakini mwanafunzi wetu huyasoma kwa Kifaransa, kwa mifano ya Paris au Montréal, na haambiwi ajaribu kusema pole ile kwa lugha ya kwao mbele ya wenzake.

Kusema pia kunaua. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja 2019, Papy Mumbere Mahamba, mwandishi wa habari wa redio ya jamii ya Lwemba, katika wilaya ya Mambasa, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa ametoka kuongoza kipindi kuhusu Ebola.

Jumba la maigizo lilitangulia

Ajabu ni kwamba Congo ilikwisha kuwa mahali ambapo dunia ilikuja kujifunza mambo ya usemi, na kwa Kiswahili. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani, alifundisha Lubumbashi kati ya 1972 na 1974, wakati chuo kile kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Aliporudi mwaka 1986 aliwauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo maana ya msemo aliokuwa ameusikia, kwamba utawala unaliwa mzima. Hawakumpa jibu la sentensi moja. Walitunga mchezo.

Fabian alirekodi siku baada ya siku namna walivyobishana, walivyogawana nafasi na walivyojaribu maneno mpaka mchezo ukasimama. Yote hayo yalikuwa kwa Kiswahili cha Katanga, bila maandishi ya kufuata. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka Marekani mwaka 1990, kwa Kiingereza. Wakaaji wa Kenya na Katuba, ambao lugha yao ndiyo iliyochunguzwa, wanahitaji lugha ya kigeni ili wakisome.

Kivu nayo ina hazina yake. Mwaka 1956, Candi Rureke, msimulizi wa Wanyanga, alisimulia habari za Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuitikiwa. Daniel Biebuyck aliziandika, akazitoa mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga msomi wa lugha. Anayetaka kujua namna mtu mmoja anavyoshika masikio ya kijiji kwa siku 12 ana pa kuanzia.

Katiba ya mwaka 2006 inataja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na inaipa serikali jukumu la kuziendeleza. Redio zimetangulia: Radio Okapi inatangaza kwa hizo nne pamoja na Kifaransa tangu ilipoanza mwaka 2002. Maana yake, mwanafunzi anayekwenda staji katika redio ya mashariki au ya Katanga anapewa tangazo la gavana lililoandikwa kwa Kifaransa kizito, habari zinaanza baada ya robo saa, na mhariri anataka Kiswahili ambacho mama wa sokoni ataelewa akiwa anapima unga. Anakaa mezani na kalamu. Kamusi anayoikuta pale, kama ipo, imetoka Tanzania. Basi anamwita mlinzi wa mlangoni: muzee, neno hili nyumbani mnalisema namna gani?