Batamaji katika nembo ya Schwangau

Nembo ya Schwangau, kijiji cha Bavaria kusini mwa Ujerumani, ni ngao nyekundu yenye batamaji mweupe. Kasri maarufu la Neuschwanstein limo katika eneo la kijiji hicho, hivyo ni rahisi kudhani kwamba ndege huyo alitoka kwenye kasri. Ukweli ni kwamba alilitangulia kwa zaidi ya miaka 500.

Nembo za ngao zilienea Ulaya katika karne ya 12. Mpiganaji aliyevaa kofia ya chuma iliyomficha uso hakutambulikana vitani, kwa hiyo alichora alama kwenye ngao yake, na wanawe wakairithi. Kanuni kuu ya uchoraji huo ni kutoweka rangi juu ya rangi, wala madini juu ya madini, ili alama ionekane kwa mbali. Madini ni mawili tu: dhahabu, inayochorwa kwa manjano, na fedha, inayochorwa kwa nyeupe. Batamaji wa Schwangau ni fedha juu ya nyekundu, hivyo kanuni imefuatwa.

Waliomtumia kwanza ni mabwana wa Schwangau, na sababu imo katika jina lao: Schwan ni batamaji, na Gau ni eneo la nchi. Nembo za namna hii, zinazotaja jina la mwenyewe kwa picha, zilipendwa sana na koo za Zama za Kati. Mmoja wao, Hiltbolt, aliyetunga nyimbo za mapenzi, amechorwa pamoja na alama hiyo katika Codex Manesse, hati ya mwanzoni mwa karne ya 14 inayohifadhiwa Heidelberg.

Ukoo huo ulikatika mwaka 1536, lakini batamaji alibaki. Mwaka 1832 Maximilian, mrithi wa kiti cha Bavaria, alinunua magofu ya ngome yao na kujenga kasri la Hohenschwangau. Mwanawe, Ludwig II, alikulia humo, akaipenda opera ya Wagner iitwayo Lohengrin, ambamo shujaa huwasili kwa mashua inayovutwa na batamaji. Mwaka 1869 alianza kujenga Neuschwanstein, jina ambalo kasri lilipewa baada ya kifo chake mwaka 1886.

Alama ya ukoo wa kifalme wenyewe, Wittelsbach, ilikuwa miraba ya mshazari ya buluu na nyeupe. Batamaji wa kijiji ni urithi wa mabwana wa Schwangau.