Dawa ya Ukungu na Mvua ya Ziwa

Mkulima wa nyanya wa Nyegezi, kando ya Ziwa Victoria, ajitwikaye bomba mgongoni wakati wa masika, hupigana na maadui wawili kwa pamoja: ukungu, ambao hustawi palipo na unyevu, na mvua yenyewe, iwezayo kuikosha dawa kabla haijafaa kitu.

Jani la mmea limepakwa nta, na maji yakiliangukia hujikusanya kama shanga, yakabiringika hadi chini. Kwa ajili hiyo wengi hutia sabuni kidogo katika bomba, dawa ikatandaa na kulienea jani zima, wakadhani kazi imekwisha. La hasha! Sabuni ile ile iliyoyatandaza maji hubaki juu ya jani pamoja na dawa, na mvua inyeshapo huilowesha upya, ikaichukua kwa wepesi zaidi kuliko kama sabuni isingetiwa. Na ikizidi kipimo, dawa huchuruzika kwenye ncha za majani siku ile ile ya kunyunyiza. Kutandaza ni jambo moja, kunatisha ni jambo jingine kabisa.

Vya kunatisha aghalabu hutokana na utomvu wa misonobari, ulimbo wa mpira au mafuta ya mimea, navyo vikikauka huacha utando mwembamba usioyeyuka majini, ukazishika chembe za dawa kama mankozebu, ambayo hukaa nje ya jani wala haipenyi ndani. Maarifa haya si mageni: mwaka 1885 Mfaransa Millardet alitangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa kwa ajili ya mizabibu ya Bordeaux, na chokaa ndiyo iliyoifanya shaba iliyomo katika mrututu ishikamane na majani bila ya kuyaunguza.

Hata hivyo hakuna kinata kishindacho kila gharika, wala kilindacho jani lililochipua baada ya kunyunyiza. Wakulima wa zabibu wa Marekani hukadiria kuwa mvua ya milimita 25 hadi 50 huondoa kiasi cha nusu ya dawa ya namna hii, na ikizidi hapo hunyunyiza tena.

Nayo iliyokoshwa haipotei: huteremka ziwani, na mankozebu na shaba ni sumu kwa samaki. Basi, ndugu mkulima, dukani uliza kilichomo chupani ni cha kutandaza au cha kunatisha, fuata kipimo cha kibandiko, na uiache dawa ikauke kabisa kabla ya wingu kufika.